Kula sushi Japani kwa mara ya kwanza: mwongozo wa mgahawa wa mkanda

Wengi wetu tunaokuja Japani kwa masomo au kazi tunapita mbele ya mgahawa wa sushi, yaani wali wenye siki unaoliwa na samaki, kila siku na hatuingii. Nimewaona vijana kutoka nyumbani wakimaliza muhula mzima kwa mikate, mayai ya kuchemsha na wali wa dukani, na huku wametoka Tanga, Lamu au Unguja, watu waliolelewa na samaki. Ukiwauliza, sababu ni zile zile nne: sijui Kijapani, sijui bei, naogopa samaki mbichi, sijui kama ni halali. Inaniuma, kwa sababu zote nne zina majibu.

Mgahawa ninaousema hapa ni ule wa bei nafuu unaoitwa kaiten-zushi, yaani sushi inayozunguka juu ya mkanda mpaka kwenye meza. Kuna sushi ya aina nyingine kabisa, ya kaunta yenye viti vinane na mpishi mzee anayekupa anachochagua yeye, na bili yake inaweza kumeza kodi ya chumba chako. Hiyo iache kwanza. Kaiten ni mahali pa familia: watoto wanakimbilia viazi vya kukaanga, wanafunzi wanahesabu sarafu, bibi na babu wanakunywa chai. Makampuni yenye matawi karibu kila mji ni Sushiro, Kura Sushi, Hama Sushi na Kappa Sushi. Ukishaijua moja, nyingine hazitakushinda.

Historia yake inakuhusu kuliko unavyodhani. Shiraishi Yoshiaki alikuwa na mgahawa mdogo wa sushi Higashi-Osaka, eneo la viwanda, na wateja wake walikuwa wafanyakazi wasio na muda wala pesa nyingi. Wahudumu hawakumtosha. Alipoona chupa za bia zikisafiri kwenye mkanda kiwandani, akapata wazo, na mwaka 1958 akafungua Genroku Sushi, mgahawa wa kwanza ambao sahani zilimfuata mteja zenyewe. Maonyesho ya dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yakaufanya ujulikane nchi nzima. Kwa hiyo tangu mwanzo mpango wake ni kwamba mtu ale ashibe bila kuhitaji kumwita mtu wala kuzungumza. Mgeni asiye na lugha ndiye anayefaidi zaidi.

Kabla ya kutoka

Chagua saa. Mwisho wa wiki, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, na jioni kuanzia saa kumi na mbili, jiandae kusubiri hata saa nzima. Siku ya kazi saa tisa alasiri utakaa mara moja, na ukiwa mara ya kwanza utashukuru kwamba hakuna watu nyuma yako wakati unahangaika na mashine. Makampuni makubwa yana programu za simu za kuchukua namba ukiwa nyumbani, lakini kwa siku ya kwanza nenda tu kwa miguu.

Kuhusu pesa: kwa miaka mingi sahani ya kawaida ilikuwa yen 100 kabla ya kodi. Mwaka 2022 Sushiro na Kura waliachana na bei hiyo. Sasa kwao sahani ya chini ni kama yen 120 hadi 150 kulingana na mji, na za juu zinapita 300. Sahani moja kwa kawaida ina vipande viwili. Ile yenye samaki wa bei huja na kipande kimoja tu, kwa hiyo tazama picha vizuri. Mtu mzima anashiba kwa sahani nane hadi kumi na mbili. Sahani kumi za yen 150 ni yen 1,500. Weka yen 2,000 mfukoni na hutaaibika.

Mlangoni

Ukifungua mlango utasikia wafanyakazi wakiita kwa sauti, "Irasshaimase!" Ni karibu yao. Haihitaji jibu, kutikisa kichwa kidogo kunatosha.

Mbele yako kuna mashine yenye skrini ya kugusa. Tafuta kitufe cha lugha. Kiingereza kipo karibu kila mahali. Itakuuliza mko watu wazima wangapi na watoto wangapi, halafu kama mnataka meza au kaunta. Ukiwa peke yako chagua kaunta, ndiko utakakopata nafasi haraka. Itatoa kikaratasi chenye namba. Namba huitwa kwa Kijapani na kwa kasi, lakini pia huonyeshwa kwenye skrini ukutani, basi kaa ukiangalia hapo. Namba ikitokea, utaelekezwa mezani au mashine itakutolea karatasi yenye namba ya meza, uende mwenyewe. Karatasi hiyo usiitupe.

Dakika tano za kwanza mezani

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mezani hakuna mtu atakayekuja na menyu. Kila kitu kiko mbele yako au kwenye droo: vijiti, vikombe, visahani vidogo vya sosi, chupa za sosi ya soya, kikopo cha unga wa kijani, kisanduku cha tangawizi, na vipakiti vya wasabi, kiungo kikali cha kijani. Kisha kuna bomba dogo lililochomoza ukutani au juu ya meza, lenye kitufe cheusi chini yake.

Bomba hilo si la kunawa. Maji yake ni ya moto kabisa, ya chai. Nimemwona mgeni, mtu mzima mwenye adabu zake, akipeleka vidole pale kwa sababu nyumbani tunanawa kabla ya kula na bomba mezani lilikuwa na maana moja tu kwake. Aliungua akakaa na barafu mkononi mpaka tukaondoka. Ukitaka kunawa, nenda kwenye sinki ya chooni au ile iliyo karibu na mlango. Mezani utapata kitambaa kibichi kwenye pakiti, kinachoitwa oshibori. Hicho ni cha mikono.

Chai inatengenezwa hivi. Chukua kikombe, weka unga wa kijani kiasi cha nusu kijiko kile kidogo kilichomo kwenye kikopo. Ukizidisha itakuwa chungu kama mwarobaini. Shika kikombe karibu na mdomo wake wa juu, bonyeza nacho kile kitufe cheusi, maji yatashuka. Kikombe kikijaa theluthi mbili acha, maana hakina mkono wa kushikia na ukikijaza utashindwa kukinyanyua. Chai hiyo ni bure, unywe vikombe unavyotaka, na haina sukari. Usiitafute sukari. Baada ya kipande cha samaki mwenye mafuta utaelewa kwa nini hawaiweki.

Mkanda na skrini

Zamani sahani zote zilikuwa zinazunguka na mtu anachukua anayoipenda. Mambo yamebadilika. Januari 2023 ilisambaa video ya kijana akilamba mdomo wa chupa ya sosi na kupaka mate sushi zilizokuwa zinapita, nchi nzima ikachafukwa. Migahawa mingi ikaacha kuzungusha sahani kiholela, mingine ikaongeza vifuniko na kamera. Siku hizi katika sehemu nyingi unachokula ni kile ulichoagiza kwenye skrini, na kinakuja kwa njia yake kama treni ndogo mpaka mbele ya meza yako.

Ninayataja haya kwa sababu sheria zilizobaki zinachukuliwa kwa uzito. Sahani usiyoagiza usiiguse. Sahani uliyokwisha kuinua hairudi mkandani, hata kama umeishika kwa bahati mbaya. Ni yako, utailipia. Watoto wakalishe upande wa mbali na mkanda mpaka wazoee. Na ukiona sahani iliyokaa juu ya kigoda cha rangi inapita mbele yako, hiyo ina mwenyewe huko mbele.

Kwenye skrini badilisha lugha, chagua picha, chagua idadi, thibitisha. Skrini nyingi hukuwekea kikomo cha sahani chache kwa agizo moja, na ni vizuri hivyo: agiza mbili au tatu, kula, agiza tena. Sahani zikifika, skrini italia na kukuonyesha. Toa zote kwa pamoja, na kama kuna kitufe kinachowaka cha kurudisha kigari, kibonyeze, la sivyo kitakaa hapo na wenzako wa meza za mbele wanasubiri.

Karibu na jina la sushi nyingi kuna chaguo la wasabi. Ukitaka bila, neno ni "sabi-nuki". Katika migahawa mingi mikubwa siku hizi sushi zote huja bila wasabi na wewe unajiongezea kutoka kwenye pakiti. Wasabi hauchomi kama pilipili zetu. Pilipili mbuzi inawasha ulimi ikakaa. Wasabi unapanda puani kwa ghafla, machozi yanatoka, na kabla hujapata maji umekwisha kuondoka. Anza na punje.

Uagize nini

Ushauri wangu ni kuanza na bahari unayoijua. Majina ni ya Kijapani lakini samaki wengi mnafahamiana.

Maguro ni jodari. Nyama nyekundu, laini, haina harufu, na kwa mtu wa pwani ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuingilia samaki mbichi. Sehemu za tumbo zenye mafuta zinaitwa chutoro na otoro, na bei yake inapanda kadiri mafuta yanavyozidi. Ebi ni kamba, na kwenye sushi ya kawaida amechemshwa; ukiona amaebi, huyo ni mbichi na mtamu. Ika ni ngisi, anavutika mdomoni kidogo. Kani ni kaa. Hamachi ni wa ukoo wa kolekole, mwenye mafuta zaidi. Katsuo ni sehewa, mara nyingi amebabuliwa juu kwa moto na kuwekewa tangawizi na kitunguu cha majani.

Pweza anaitwa tako. Ndiyo. Ukiwa na wenzako wa Kiswahili kutakuwa na vicheko, ndiyo kawaida ya siku ya kwanza. Anachemshwa kabla ya kukatwa vipande vyembamba, hivyo mtu anayeogopa ubichi anaweza kumwagiza bila wasiwasi, na mtu aliyezoea supu ya pweza ya Forodhani atamtambua kwa ladha ingawa hana chumvi wala ndimu. Pweza wengi ambao Japani inaagiza kutoka nje wanatoka Mauritania na Moroko, kwa hiyo Afrika imekwisha kukutangulia mezani.

Saba si namba. Ni samaki wa ukoo mmoja na vibua wetu, aliyelazwa kwenye chumvi halafu siki. Harufu yake ni ya nguvu, na kwa maoni yangu ndiye aliye karibu zaidi na ladha ya nyumbani kuliko wote. Tai vilevile si ndege; ni samaki mweupe wa heshima anayewekwa kwenye sherehe. Na gari ni achari ya tangawizi iliyo kwenye kile kisanduku mezani.

Neno moja la kuangalia ni sake. Laweza kuwa samaki na laweza kuwa pombe. Kwenye skrini samaki huyo huandikwa "saamon", salmoni, na amepata jina hilo kwa historia. Wajapani hawakuwa na desturi ya kula salmoni mbichi, kwani wa bahari yao ana minyoo. Ni Wanorwei waliokuja miaka ya 1980 na salmoni wao wa kufugwa wakawashawishi. Leo watoto wa Kijapani wanamwagiza kabla ya kitu kingine chochote. Akipitishwa moto juu anaitwa aburi, na huyo nawapendekezea wale wenye hofu: juu ameiva na kutoa mafuta, chini ni laini.

Kwa asiyetaka kabisa kitu kibichi siku hiyo ya kwanza, vipo vya kutosha: ebi, tako, tamago (yai la kukaanga kwa tabaka, tamu kidogo), inari (wali ndani ya kimfuko cha tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa), kappa-maki (tango ndani ya wali na mwani), tsuna (jodari wa kopo na mayonezi), na mahindi kwa mayonezi ambayo watoto wanayagombania. Unagi na anago ni mikunga iliyopikwa na kupakwa sosi tamu, mizuri sana, ila soma kwanza sehemu ya halali hapo chini.

Mwani huo mweusi unaozungushiwa wali ni nori. Mama zetu wa Paje na Jambiani wanalima mwani, lakini wao ni wa aina nyingine, unauzwa kutengenezea uteute wa viwandani. Nori hukaushwa ikawa karatasi, na ikiwa bado kavu hupasuka kwa sauti kati ya meno. Ndiyo maana sushi ya mwani huliwa mara tu inapofika. Ikikaa dakika tano inakuwa ngozi.

Mimi huwaagizia wageni hivi: ebi na tamago kwanza, tumbo litulie. Kisha maguro. Kisha saamon aburi. Wakifika hapo hawaniulizi tena, wanashika skrini wenyewe. Wajapani wenyewe hupenda kuanza na samaki weupe wa ladha nyepesi na kumalizia na wenye mafuta, lakini kwenye kaiten hakuna anayekuangalia.

Kutia mdomoni

Ruhusa ya mkono ipo. Nigiri, yaani kipande cha wali chenye samaki juu, zilianza kuuzwa kwenye vibanda vya Edo, Tokyo ya leo, miaka ya 1820, na zililiwa kwa vidole mtu akiwa amesimama. Kwa hiyo sisi tuliozoea wali kwa mkono tuko nyumbani. Futa vidole kwa oshibori, shika sushi kwa kidole gumba na viwili vya mbele, pembeni si juu.

Kisha ipindue. Upande wa samaki ndio uguse sosi, si wali. Wali ukigusa sosi unainywa yote, unavunjika, na kisahani kinabaki na punje zinazoelea. Mimina sosi kidogo tu kwenye kisahani, ya kufunika chini. Weka kipande chote mdomoni kwa mara moja. Kukigawa kwa meno kunakiharibu na nusu itakuangukia.

Zile zenye mwani pembeni na kitu kama mayai ya samaki juu haziwezi kupinduliwa. Chukua kipande cha gari kwa vijiti, kichovye kwenye sosi, upake juu kama brashi. Gari yenyewe huliwa katikati ya samaki mmoja na mwingine ili kusafisha ulimi. Haiwekwi juu ya sushi ikaliwa pamoja nayo.

Ukitumia vijiti, mambo mawili usifanye hata kwa mchezo. Usivisimamishe kwenye wali, na usipokezane chakula na mwenzako kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni ya msibani: wali wenye vijiti vilivyosimama huwekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchomwa maiti hupokezanwa kwa vijiti. Mtu hatakugombeza, lakini uso wake utabadilika.

Halali: ukweli ulivyo

Ndugu zangu Waislamu wengi hudhani sushi ni samaki na wali, basi yamekwisha. Samaki hana tatizo. Tatizo liko kwenye viungo, na ni vizuri ulijue kabla ya kuamua.

Mirin ni kiungo kitamu cha mchele chenye alkoholi, kama asilimia 14 ile halisi, na kinaingia kwenye sosi ya mikunga, kwenye yai la tamago, kwenye kitoweo cha yai la mvuke kinachoitwa chawanmushi, na kwa baadhi ya wapishi hata kwenye siki ya wali. Sosi ya soya huwa na alkoholi kidogo inayotokana na kuchachuka kwake, na nyingi za chupa huongezewa alkoholi ili isiharibike. Wanazuoni wana kauli tofauti juu ya vitu hivi, na hilo si langu kuliamua. Muulize unayemwamini kabla, usingoje mpaka uko mezani. Nguruwe naye yupo kwenye menyu, si kwenye sushi za samaki bali kwenye tambi za rameni, vipande vya beikoni na nyama za kusaga. Mafuta ya kukaangia na jiko ni vya pamoja.

Jifunze alama tatu: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe, みりん ni mirin. Na sentensi mbili: "Butaniku wa haitte imasu ka?" ni kuuliza kama ndani kuna nguruwe. "Arukooru wa haitte imasu ka?" ni kuuliza alkoholi. Ila mhudumu kijana wa kaiten mara nyingi hatajua kilichomo kwenye siki iliyotoka kiwandani, atakwenda kuuliza na atarudi na jibu la tahadhari. Usimlaumu. Kaka mmoja ninayekula naye hubeba chupa yake ndogo ya sosi yenye cheti cha halali, na huomba ruhusa kabla ya kuitoa, wengi humruhusu. Anayetaka kuwa na uhakika kamili aende kwenye migahawa yenye cheti, ambayo katika miji mikubwa kama Tokyo na Osaka ipo, bei ikiwa juu zaidi.

Kuhusu ubichi na afya

Hofu ya minyoo si ujinga. Kuna mnyoo aitwaye anisakisi anayekaa kwa samaki wa baharini. Kumgandisha samaki kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi kunamuua, na samaki wengi wa migahawa hii mikubwa wamepitia kwenye barafu. Siki na wasabi havimuui, kwa hiyo usijitegemeze navyo ukijaribu kutengeneza saba nyumbani.

Mama mjamzito aache samaki wabichi na asizidishe jodari hata akiwa ameiva, kwa ajili ya zebaki; Wizara ya Afya ya Japani yenyewe imetoa mwongozo juu ya hilo. Mwenye mzio ajue kwamba sosi ya soya ina ngano, na kwamba makampuni makubwa huweka jedwali la mzio kwenye tovuti zao. Lisome nyumbani.

Kulipa

Sahani tupu zipange moja juu ya moja. Kwa Kura, kando ya meza kuna tundu la kutumbukiza sahani; kila tano zikiingia, skrini inacheza bahati nasibu na ukishinda kinashuka kidoli. Ukiwa na watoto, hapo ndipo utakapojikuta umekula sahani ya kumi na tano. Katika tundu hilo ziingie sahani za sushi tu, visahani vya sosi na bakuli vibaki mezani.

Ukimaliza, bonyeza kwenye skrini kitufe cha hesabu, "okaikei". Mhudumu atakuja kuhesabu sahani au mfumo utakuwa umekwisha kuhesabu wenyewe. Beba kikaratasi au kibao cha namba ya meza hadi kwenye mashine ya kulipia karibu na mlango. Inapokea noti, sarafu na kadi. Kodi ni asilimia 10 ukila pale pale, asilimia 8 ukibeba, na bei nyingi kwenye skrini zimekwisha kuijumuisha.

Bakshishi haipo. Ukiacha sarafu mezani kwa moyo mwema, mhudumu atakukimbilia mpaka barabarani akurudishie akidhani umesahau. Njia ya kumshukuru ni maneno: ukipita kaunta kutoka, sema "Gochisousama deshita", asante kwa chakula. Watakujibu jikoni nzima. Na kama uliingia kukiwa na mvua, mwavuli wako uko pale mlangoni kwenye kisimamio. Angalia vizuri, ile ya plastiki nyeupe inafanana yote.